Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Onyesho la Filamu ya Wakimbizi wa Sudan, Tanga

Tangu tubandike tangazo la The Good Lie kwenye kuta za Ngamiani na Makorora, watu wanatusimamisha njiani, barazani, hata sokoni. Maswali mengine ni ya saa na kiingilio, na hayo majibu yake ni mafupi. Mengine yanagusa mambo ambayo watu wa mkoa huu wana haki ya kuyajua kuhusu mkoa wao wenyewe, na hayo tumeyaandika kwa urefu.

Ni lini, na kiingilio shilingi ngapi?

Jumamosi baada ya sala ya Isha, uwanja ule ule tunaoutumia siku zote. Hakuna kiingilio. Filamu ina dakika 110. Tukianza saa mbili na nusu usiku, mazungumzo yataanza saa nne na dakika ishirini hivi, kwa hiyo anayekaa mbali, Pongwe kwa mfano, apange mapema usafiri wa kurudi. Kahawa na kashata zitakuwepo. Mwenye mkeka aje nao.

Filamu inahusu nini? Msituharibie mwisho.

Inahusu watoto wa kijiji kimoja kusini mwa Sudan ambao vita vinawakuta wangali wadogo. Kijiji kinachomwa, wazazi wanauawa, na watoto wanaanza kutembea. Wengine wanafia njiani kwa kiu na maradhi. Kuna asubuhi moja askari wanapita karibu na mahali walipolala majanini. Mdogo mmoja, Mamere, anainuka bila kujua na anaonekana. Kaka yake mkubwa, Theo, anasimama na kuwaambia askari kwamba yuko peke yake. Wanamchukua. Wenzake wanaendelea kutembea hadi kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako wanaishi miaka mingi mpaka majina yao yanapobandikwa ubaoni: wamekubaliwa kwenda Marekani. Vijana watatu wanapelekwa Kansas City. Dada yao, Abital, anatenganishwa nao uwanja wa ndege na kupelekwa Boston.

Yanayofuata ni kazi, baridi, upweke, na deni la Mamere kwa kaka yake. Mwisho hatuusemi.

Ni kisa cha kweli?

Wahusika wametungwa. Vita havikutungwa. Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan vilianza 1983 na vikaisha kwa mkataba wa amani wa Januari 2005, na vinakadiriwa kuua watu wapatao milioni 2 kwa risasi, njaa na maradhi. Watoto wapatao 20,000, wengi wao wavulana wa Kidinka na Kinuer, walitenganishwa na familia zao. Wengi walikuwa mbali na nyumba, kwenye malisho ya ng'ombe, vijiji viliposhambuliwa, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana.

Safari yao halisi ilikuwa ndefu kuliko inavyoonekana kwenye filamu. Kuanzia 1987 walitembea kwenda Ethiopia na kuishi huko kambini miaka kadhaa. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka walifukuzwa kwa silaha, wakavuka mto Gilo huku wakipigwa risasi, na wengi wakafa maji. Walirudi Sudan, wakazunguka tena kwa miguu, na mwaka 1992 wakafika Kenya, ambako kambi ya Kakuma ilianzishwa. Filamu inaipita Ethiopia haraka mno. Hilo ndilo pengo lake kubwa, na tutalieleza kabla ya kuwasha projekta ili mtazamaji ajue alichorukishwa.

Waliokwenda Marekani kwa mpango wa kuwahamishia huko walikuwa zaidi ya 3,500, wengi wao mwaka 2001. Wasichana hawakufika hata 100. Wavulana walikuwa wakiishi kwa makundi yao wenyewe kambini na kuhesabiwa kuwa hawana wazazi, ilhali wasichana walikuwa wamewekwa kwenye familia za watu, kwa hiyo kwenye karatasi walionekana wana mlezi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari zilisimamishwa na wengi waliobaki wakakwama.

Waigizaji ni nani? Nimesikia baadhi yao waliyaishi haya.

Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya sisi kuichagua filamu hii. Ger Duany na Emmanuel Jal, wanaoigiza Jeremiah na Paul, ni watu wa Sudan Kusini waliopitia vita wangali watoto, na wote wawili waliwahi kushikishwa bunduki katika umri wa kwenda shule. Jal baadaye akawa mwanamuziki anayejulikana dunia nzima. Kuoth Wiel, anayeigiza Abital, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Ethiopia. Arnold Oceng, anayeigiza Mamere, alizaliwa Uganda na kukulia London. Mwongozaji ni Philippe Falardeau kutoka Kanada, mwandishi ni Margaret Nagle, na filamu ilitoka 2014.

Mtazame Duany anapokuwa hasemi. Kuna nyuso ambazo mwalimu wa uigizaji hawezi kuzifundisha.

Mbona bango la filamu yenyewe limejaa uso wa mwanamke wa Kizungu?

Huyo ni Reese Witherspoon. Anaigiza Carrie, anayewatafutia vijana hawa kazi Kansas City. Bango lilitengenezwa kuuza tiketi, na jina lake ndilo lililokuwa linauza. Ndani ya filamu anachelewa kuingia, na akiingia hachukui nafasi ya wenye kisa. Kosa la bango ni la bango, lisiwazuie kuja. Sisi tangazo letu tumeliandika kwa maneno matupu kwa sababu hiyo hiyo.

Itakuwa na tafsiri?

Ndiyo. Filamu ni ya Kiingereza, na sehemu ya mwanzo ina Kidinka. Mtafsiri wetu atakuwa na kipaza sauti kama ilivyo kwenye vibanda umiza. Tumemwomba kitu kimoja, naye amekubali: sehemu ya watoto wakitembea asiongeze lake. Pale penye kimya, patabaki kimya.

Niwalete watoto?

Wa miaka 13 na kuendelea, ndiyo, na wakae karibu na mkubwa. Kule Marekani nayo imewekwa katika kundi hilo la umri. Mwanzoni kuna shambulio la helikopta, kuna maiti, na kuna watoto wanaolazimika kunywa mkojo kwa kiu. Kuna matusi mazito, ingawa ni machache, na kuna uvutaji bangi. Wadogo zaidi tunaomba wabaki nyumbani. Tunajua ni vigumu kwa mama asiye na wa kumwachia, na kwa huyo tumeandaa chumba upande wa nyuma ambako shangazi wawili wa mtaani watakaa na watoto.

Hayo maisha ya Marekani tunayoonyeshwa, ni kweli yako hivyo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mkimbizi anayepelekwa Marekani hupokelewa na shirika, hutafutiwa nyumba, na hutegemewa aanze kazi mapema sana. Msaada wa mwanzo ulipangwa kwa siku 90. Nauli ya ndege si zawadi: ni mkopo usio na riba, ambao mkimbizi anausaini kabla ya kupanda ndege na kuanza kuulipa miezi sita baada ya kufika. Watu wengi hapa hushangaa kusikia hivyo. Kijana anashuka na mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za shirika la uhamiaji, IOM, ambamo ndimo zilimo karatasi zake zote za duniani, na tayari ana deni.

Angalieni hasa tukio la dukani. Jeremiah amepata kazi kwenye supamaketi, anaambiwa atupe chakula ambacho tarehe yake imepita lakini bado ni kizima, na nje kwenye mapipa kuna mwanamke mwenye njaa. Jeremiah amewaona watoto wenzake wakifa njaa. Kwake hilo si suala la kanuni za duka. Anachokifanya kinamgharimu, na filamu haimpigii makofi wala haimsemi. Inatuachia sisi.

Ambapo filamu inalegea ni kwa Paul. Yeye anapata kazi kiwandani, mikono yake ni hodari, wenzake wanamtumia, anaanza kuvuta bangi nao, na moyo wake unavunjika taratibu. Kisa chake kilistahili muda zaidi. Wakimbizi wengi duniani wanafanana na Paul kuliko na Mamere anayesomea udaktari, na tungependa watazamaji wasimsahau wakitoka uwanjani.

Nani huchagua mkimbizi gani aende nchi gani?

Kuna njia tatu ambazo mashirika na serikali huzizungumzia: kurudi nyumbani kwa hiari, kubaki na kupewa makazi ya kudumu pale alipokimbilia, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Filamu inaonyesha hiyo ya tatu, na ndiyo nyembamba kuliko zote. Kwa mwaka mmoja, wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, hupendekeza majina ya walio katika hatari zaidi, lakini nchi inayopokea ndiyo yenye kauli ya mwisho, baada ya mahojiano, uchunguzi wa usalama na vipimo vya afya. Mkimbizi hachagui mji. Dirisha lenyewe hufungwa wakati wowote: Januari 2025 Marekani iliusimamisha mpango wake, na watu waliokuwa na tiketi mkononi wakarudishwa kwenye mahema.

Nimetumiwa ujumbe wa simu wenye fomu ya kwenda Kanada kama mkimbizi, nilipe kidogo tu. Nijaze?

Hapana. Huduma za UNHCR hazilipiwi, hata shilingi moja. Anayekuomba pesa ni tapeli. Usimpe namba ya kitambulisho chako, na umwonye jirani yako.

Kwa nini Tanga? Sisi na Sudan wapi na wapi?

Swali hili tumeulizwa kuliko yote.

Waulizeni wazee wa Handeni na Pangani habari za njaa za karne ya 19. Katika miaka ya 1830 na 1840 ukame uliipiga nchi ya Wazigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula na kazi, na wengi wakaishia kwenye majahazi, wengine kwa kudanganywa kwamba wanakwenda kufanya kazi ya kula na kurudi. Walipelekwa pwani ya Benadir, nchi ambayo leo ni Somalia, wakauzwa utumwani kwenye mashamba. Baadhi yao walitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke kiongozi, Wanankhucha, aliyewatoa utumwani akiwarudisha kusini, kuelekea nyumbani. Walipofika bonde la mto Juba ardhi ikatetemeka, naye akasema hapa ndipo tukae. Wakafyeka msitu, wakalima, wakajitetea dhidi ya waliotaka kuwarudisha utumwani. Vizazi vikapita, nao wakaendelea kuzungumza Kizigua.

Mwaka 1991 dola ya Somalia ikaanguka. Wakulima wa Juba hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, na chakula chao ndicho kila kundi lenye silaha lilikitaka. Wakakimbia. Wengi walivuka kuingia Kenya na kukaa kambi za Dadaab. Wengine walikuja hadi huku, mkoa wa Tanga, wakiwaambia maofisa kwamba wao ni wa hapa. Hebu pokea sentensi hiyo kama ofisa uliyekaa mezani mwaka ule: mtu ametoka Somalia, ana watoto wenye njaa, na anakusalimia kwa Kizigua.

Walipokewa. Kwanza waliwekwa Mkuyu, wilayani Handeni, kisha mwaka 2003 yakafunguliwa makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo, wakagawiwa ardhi ya kulima. Serikali ya Tanzania iliwafungulia njia ya kuomba uraia, na wengi wao leo ni Watanzania kama mimi na wewe, wanapiga kura na watoto wao wanafanya mtihani wa taifa.

Wenzao waliobaki Dadaab nao waliomba kuja Tanzania. Miaka ile ya 1990 nchi yetu ilikuwa imebeba mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na Burundi, na ombi halikufaulu. Msumbiji iliombwa pia, kwa sababu baadhi ya wakulima hao asili yao ni huko, ikakubali kisha ikajitoa kwa kukosa uwezo. Mwishowe, 1999, Marekani ikakubali kuwapokea. Walihamishiwa kwanza Kakuma, kambi ile ile mtakayoiona Jumamosi, na kuanzia 2003 wakaanza kupanda ndege. Zaidi ya 10,000 walikwenda. Leo Kizigua kinasemwa Lewiston, katika jimbo la Maine, ambako theluji hudumu miezi, na kinasemwa Columbus, Ohio.

Kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja, waliotoka bonde moja, mmoja amepewa jembe na shamba Handeni, mwingine amepewa koti la baridi na kazi ya zamu ya usiku Marekani. Wakimbizi waliokwenda Marekani kama huyo wa pili wametengenezewa filamu nyingi. Huyu wa Handeni, ndani ya mkoa huu huu, bado hajatengenezewa filamu inayolingana na hadhi ya kisa chake. Tunaonyesha kisa cha Sudan Tanga kwa sababu tunataka kijana mmoja pale uwanjani aulize kwa nini.

Wanasema Tanga ni ya waja leo, waondoka leo. Hawa walikuja wakakaa, na walikuwa wa hapa tangu mwanzo.

Tanzania imewahi kuwapokea nani wengine?

Wengi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wapoland wapatao 5,000 waliletwa Tengeru, karibu na Arusha, wakiwa wametokea kwenye kambi za Kisovieti, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo hadi leo. Wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini waliishi na kusoma kwetu, wengine Bagamoyo, wengine Mazimbu, Morogoro. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na zaidi ya 160,000 kati yao walikuja kupewa uraia. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen, nishani kubwa kuliko zote katika kazi ya wakimbizi.

Hatusemi kwamba mambo yamekuwa mazuri siku zote. Kambi za Kigoma zina watu waliochoka, na siasa kuhusu wakimbizi zimekuwa zikibadilika. Lakini mtu asikwambie kwamba kupokea wageni wa vita ni jambo geni katika nchi hii.

Kutakuwa na mgeni wa kuzungumza?

Ndiyo. Tumewaalika wazee wawili kutoka Chogo, baba na mama, na wamekubali kuja. Majina yao watayasema wenyewe wakipenda. Tunaomba adabu tatu. Waamkieni kama mnavyowaamkia wazee wenu, kwa shikamoo, na mkijua Kizigua, kwa Kizigua. Msiwaulize wamepoteza nani. Wakitaka kusema watasema. Na msiwaite wakimbizi. Waulizeni kilimo, waulizeni ngoma zao, waulizeni walivyojifunza Kizigua kwa bibi zao kule bonde la Juba.

Nina kibanda cha video. Naweza kuichukua filamu nikaionyeshe kwangu?

Unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye haki ya filamu, na kibali cha Bodi ya Filamu kwa maonyesho ya hadhara. Njoo tukueleze sisi tulivyopita njia hiyo.

Naweza kurekodi mazungumzo ya wazee kwa simu niyarushe mtandaoni?

Hapana, na tutalisimamia hilo. Mwaka 2015, zaidi ya wakimbizi 50 wa Sudan wanaoishi Marekani walifungua kesi katika mahakama ya Georgia kuhusu filamu hii hii tunayoionyesha. Walisema walikaa na mwandishi miaka ya nyuma, wakamsimulia maisha yao, wakalia mbele yake huku sauti zao zikirekodiwa, kisha filamu ikatoka na wao hawakutajwa kuwa miongoni mwa waliotunga. Tunaipenda filamu, na bado tunaona madai yao yalikuwa na uzito. Aliyetembea safari ndiye mwenye safari.

Ukiguswa Jumamosi na ukataka kurekodi kisa cha Chogo, liko jambo la kufanya. Nenda Handeni mchana, bila kamera. Kaa nao. Waeleze unataka kufanya nini, nani ataona, na kama kuna pesa zitakwenda wapi. Mpe mzee nafasi ya kusema hapana, na ya kubadili mawazo hata baada ya kusema ndiyo. Wakikubali, rudi kwetu: tuna kamera moja, kinasa sauti kimoja, na mtu anayejua kuhariri, na vyote tutakuazima bure.